Jina la Mwenye Mji

Bango lilipandishwa Jumanne. Mafundi walipokaza nati ya mwisho, Deogratias alirudi nyuma hatua kadhaa, akapiga picha nyingi kuliko zilizohitajika, kisha akamgeukia Klementina.

"Mama Sayi, soma basi. Limetoka vizuri?"

"Limetoka vizuri. Herufi zinaonekana toka barabarani."

"Soma kwa sauti, nisikie linavyosikika."

"Wewe si umeshasoma? Mimi nina mashuka kwenye maji."

Akaondoka zake kuelekea chumba cha kufulia, na kweli mashuka yalikuwa kwenye maji, lakini yalikuwa na saa nzima ya kukaa humo.

Bango lilisema VILA MAIGE, na chini yake kwa herufi ndogo, Hoteli Butiki, Lamadi. Hilo neno butiki lilikuwa limemsumbua Klementina wiki nzima, mpaka Esteria, binti wa mapokezi, alipomweleza kwamba ni hoteli ya vyumba vichache, kila kimoja na sura yake.

"Kumbe," alisema Klementina. "Nilidhani tutauza na magauni."

Butiki lilikuwa jambo dogo. Shida yake ilikuwa lile neno la juu.

Maige alikuwa baba mkwe wake. Ndiye aliyeijenga nyumba hiyo, na ndiye ambaye Klementina alikuwa hajawahi kumtaja kwa jina tangu aolewe na mwanawe Shija mwaka 1988. Siku moja kabla ya harusi mama yake alimkalisha chini akampa mambo matatu: usimpe mkono mkweo, usile mahali anapokula, usilitamke jina lake. Hakueleza sababu, na binti hakuuliza. Kila mwanamke aliyemfahamu aliishi hivyo. Baba mkwe alikuwa "Mwenye Mji", ikaisha. Na kwa kuwa maige kwa Kisukuma ni nzige, Klementina akizungumzia wadudu hao aliwaita nzige, kwa Kiswahili, hata kama sentensi yote ilikuwa ya Kisukuma.

Mzee naye alikaa upande wake wa mpaka. Alikohoa kabla ya kupita uani. Hakumwangalia usoni. Akiwa na la kumwambia, alimwambia mbwa. Mbwa huyo aliitwa Tairi, na alikuwa akilala barazani, katikati ya kiti cha mzee na mlango wa jiko.

"Tairi, mwambie mwenye jiko, leo chumvi imemponyoka."

"Tairi," Klementina alijibu kutoka ndani, "mwambie Mwenye Mji chumvi ni ileile, ulimi ndio umezeeka."

Na mzee alicheka peke yake, akiangalia maji. Tairi alipokufa walipata mbwa mwingine, naye wakamwita Tairi, ili mazungumzo yasikatike. Hivyo ndivyo walivyoongea miaka ishirini na moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Maige alitoka Zagayu, kwenye mashamba ya pamba, na alikuwa mtu mzima alipoliona ziwa mara ya kwanza. Alikuwa mnunuzi wa pamba, akizunguka vijijini na mizani, akipeleka mzigo jinari, kiwanda cha kuchambulia pamba, huko Maswa. Mwaka 1976 akasimamisha nyumba ya vyumba tisa ukingoni mwa maji, baraza limegeukia ziwa na mgongo umegeukia barabara. Watu wa kwao walimcheka. Mtu wa ng'ombe hujenga penye malisho. Ziwani kuna mbu, viboko na harufu ya dagaa. Walimuuliza kama atafuga sangara. Yeye aliwajibu kwamba ana watoto tisa, na kila mtoto atakuwa na dirisha la kuona maji.

Watoto tisa walikua, wakaondoka. Mmoja Kahama, mmoja Geita, wawili makaburini, wengine hata Klementina alipoteza hesabu ya walikohamia. Shija alibaki, kwa hiyo Klementina alibaki. Kisukari kilimchukua Shija mwaka 2004. Mzee akafuata mwaka 2009, akazikwa kwao Zagayu. Baada ya hapo Klementina alikaa peke yake kwenye vyumba tisa. Alifagia kimoja kila siku, akifika cha mwisho anaanza upya. Wakati mwingine alipangisha watu wanaokwenda mbugani kupitia lango la Ndabaka. Watoto wake wawili walisoma, wakaenda: Sayi akaolewa Ushirombo, na mdogo wake wa kiume akapata kazi ya kutoa mizigo forodhani Tunduma.

Mwaka juzi watoto na wajukuu wa mzee walikubaliana kuuza. Mnunuzi, huyu Deogratias, kijana aliyezaliwa Mwanza akakulia Dar, alizunguka nyumba yote, akasimama jikoni na kuuliza, "Na huyu mama?"

"Huyo anaijua nyumba," shemeji yake mmoja alijibu.

Basi akauzwa nayo. Ndivyo Klementina mwenyewe alivyokuwa akisema, na hakusema kwa uchungu. Alipewa mshahara, sare ya kitenge, cheo cha msimamizi wa vyumba, na chumba kimoja nyuma ya jiko. Pengine pa kuishi hakuwa napo. Sayi alikuwa anaishi na wakwe zake. Yule wa Tunduma alikuwa na chumba kimoja, mke na mapacha.

*

Alhamisi ya wiki ile simu ya mapokezi iliita Esteria akiwa amekwenda kunywa chai. Klementina akaipokea.

"Hoteli ya ziwani, Lamadi, karibu."

"Samahani, hapo ni wapi?" Sauti ilikuwa ya kiume, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua.

"Ni hapa Lamadi. Ukitoka Mwanza unaingia kushoto, unafuata ziwa."

"Hoteli yenyewe inaitwaje?"

"Bango ni kubwa, utaliona."

"Ndiyo, mama, lakini jina lake?"

"Lina herufi za njano. Kijana, unataka chumba au unataka herufi?"

Upande wa pili, ile sauti ikapona mafua yake. "Mama Sayi, ni mimi. Niko nje kwenye gari."

Deogratias aliingia akiwa bado ameshika simu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Alimweleza kwamba wageni watatu wamekwishampigia wakiuliza kama namba wamekosea. Alimweleza pia kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata ndiyo ufunguzi, watu wa makampuni ya utalii watakuja, na saa kumi jioni, kwenye chai, atasimama mtu awasimulie historia ya nyumba. Mtu huyo ni yeye. Nani mwingine ameishi humu miaka thelathini na sita?

"Historia nitasimulia," alisema Klementina.

"Kwa jina. Maige alifanya hivi, Maige alijenga vile. Sio 'yule mzee', sio 'mwenye nyumba'. Nimekusikia ukiwazungusha mafundi: yule mzee, yule mzee. Wageni watadhani ni jambazi aliyejificha."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Angeweza kumweleza. Maneno mawili tu, ni mkwe wangu, yangetosha kwa mtu aliyekulia kijijini. Lakini Deogratias angeuliza kwa nini, na baada ya hapo angeuliza itakuwaje akilitaja, na Klementina hakuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili. Hakupenda kusimama mbele ya mtu anayelingana na mwanawe huku hana jibu.

Deogratias alivuta pumzi. "Mama, nakuheshimu. Lakini jina ndiyo biashara yenyewe. Kama huwezi kulisema, nitamleta Josia kutoka Mwanza, ana diploma ya utalii. Yeye atasimulia, atasimamia na vyumba. Na Josia atahitaji mahali pa kulala."

Klementina alielewa. Chumba cha nyuma ya jiko kilikuwa kimoja.

"Na huyo Josia atasimulia nini?"

"Ipo karatasi. Watu wa matangazo wameandika."

Klementina aliiomba, akaisoma palepale kaunta. Iliandikwa kwamba nyumba ilijengwa na chifu wa wavuvi, aliyekuwa akiwakaribisha watalii kwa ngoma.

"Huyu mzee aliogopa maji mpaka anakufa," alisema. "Hajawahi kukanyaga mtumbwi. Na ngoma zilimuumiza kichwa."

"Ndiyo maana nakutaka wewe," alisema Deogratias.

*

Ijumaa alijaribu. Aliingia chumba cha kufulia, akawasha mashine ikaanza kunguruma, akafunga mlango. Alijiambia wewe ni mtu mzima wa miaka hamsini na saba, una kitambulisho cha taifa na meno mawili ya bandia, sema neno moja.

"Ma," alisema. Akameza mate. "Mai..."

Ikatoka "maini".

Akajaribu tena. Ikatoka maini tena, na mara ya tatu akajikuta anafikiria kweli kama jikoni yapo. Akazima mashine. Mkono wake uliweza kuliandika jina hilo. Alikwishaliandika mara nyingi tu. Kwa sababu mwanawe wa kiume, yule wa Tunduma, alipewa jina la babu yake kama desturi inavyotaka. Maige Shija. Klementina ndiye aliyejaza fomu ya darasa la kwanza, ya sekondari na ya chuo, kwa herufi kubwa na kalamu ya bluu. Kwa mdomo alimwita Baba. Baba njoo ule. Baba umefaulu? Mtoto huyo alikuwa na miaka thelathini na mbili, na mama yake alikuwa hajawahi kumwita jina lake.

Jumatatu aliomba ruhusa ya siku moja. Alikuwa amefikia uamuzi wa mtu aliyeishiwa njia: kama jina limefungwa na ukoo, aende ukooni likafunguliwe. Katika rika la mzee alikuwa amebaki mtu mmoja, dada yake wa mwisho, Nyamizi, huko Zagayu. Alipanda gari la asubuhi hadi Bariadi, akashuka Somanda akanunua sukari kilo mbili na sabuni ya mche, akachukua bodaboda kwa safari iliyobaki. Ulikuwa msimu wa kuvuna. Kando zote za njia pamba ilikuwa imefunguka, na vumbi la bodaboda liliichafua.

Nyamizi alikuwa amekaa uani kwenye turubai, miguu ameinyoosha, anachambua. Nyeupe aliiweka kulia, fifi, yaani yenye madoa, aliiweka kushoto. Alikuwa amevuka miaka themanini, na macho yalikuwa yameanza kumwacha, lakini vidole vilijua tofauti bila kuuliza macho.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila, mayu. Sauti hii ni ya ziwani. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wewe na peke yako hamjaachana tu. Kaa. Chambua."

Klementina alikaa, akavuta fungu lake la pamba, na huku anachambua akaeleza yote: bango, simu, Jumamosi, Josia mwenye diploma. Alipofika kwenye jina akasema "lile jina", na bibi akainua kichwa.

"Jina gani? La Maige?"

"Ndiyo. Hilo."

"Linakushinda nini?"

"Shangazi, mimi ni mkwe wake."

Nyamizi alianza kucheka, kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. Kikakatikia njiani. "Wewe bado?"

"Bado nini?"

"Bado hujalitaja? Wakwe wenzako tuliwafungua siku ya kunyoa nywele za msiba. Wote. Generoza, Eufrasia, na yule mwembamba wa Kahama. Niliwasimamisha mimi mwenyewe pale kaburini. Kila mmoja akapiga funda la maji, akatema, akalitaja jina mara moja, basi, mzigo umeshushwa. Ndivyo tunavyofanya kwetu mwanamume akishazikwa." Vidole vyake vilisimama juu ya pamba. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalinda nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya ziwani. Shemeji walisema tukiondoka wote mabati yataibiwa, abaki mtu. Nikabaki mimi. Siku kumi na moja."

Bibi aliisukuma fifi pembeni. Kuku alipita juu ya turubai, wala hakuna aliyemfukuza.

"Basi tulikusahau," alisema hatimaye. "Tulichinja ng'ombe wawili, tukagawa nyama mpaka kwa jirani, na wewe tukakusahau."

Klementina aliendelea kuchambua. Mwanzoni hakusikia hasira. Alisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliousukuma miaka kumi na tano ulikuwa unavutwa. Alimkumbuka Eufrasia, aliyewahi kupita Lamadi akienda Mwanza, akakaa barazani na kusema kirahisi tu, "Maige alipenda sana kiti hiki." Klementina aliondoka pale kwa aibu, akidhani mwenzake amekosa adabu.

"Generoza yuko wapi siku hizi?" aliuliza.

"Maswa. Aliolewa tena mwaka uliofuata. Eufrasia alirudi kwao. Yule wa Kahama sijui. Si ndiyo maana ya kufungua? Mtu awe huru, aende anakokwenda." Nyamizi alipapasa mpaka akaupata mkono wa Klementina, akaufinya. "Mkwe wa Maige umebaki wewe tu duniani. Bila hata sisi kujua."

"Na nikilitaja?"

"Basi hakuna tena."

"Nitakuwa nani kwenu?"

"Utakuwa Klementina, mama yake Sayi. Ukija nitakupa kiti kama leo." Bibi alisema hivyo bila ubaya. "Mayu, unataka mahali pa kulala au hutaki? Lete maji. Kaburi liko nyuma ya zizi, lakini miguu yangu haifiki. Tutafanyia hapahapa, atasikia."

Klementina alikwenda mtungini, akachota kikombe. Hakukijaza. Alikaa nacho mkononi kwa muda, na Nyamizi, ambaye hakuwa na subira ya sherehe, alirudi kwenye pamba yake. Kulia, kushoto. Kulia, kulia, kushoto.

Alipiga funda, akatema chini kando ya turubai. Akasema, "Maige."

Lilitoka la kawaida kabisa. Lilikuwa jina la silabi tatu, kama majina mengine. Alitazama huku na huku, na kila kitu kilikuwa kama kilivyokuwa: kuku, zizi, bibi.

"Haya, imekwisha," alisema Nyamizi. "Hiyo uliyoshika ni fifi, iweke huku."

*

Alimpigia mwanawe akiwa kando ya njia, anamsubiri mtu wa bodaboda aliyekwenda kutafuta mafuta. Hakuwa amepanga. Simu ilikuwa mkononi na neno lilikuwa bado mdomoni.

"Maige," alisema, simu ilipopokelewa.

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Mama yako."

"Mama?" Nyuma yake kulikuwa na honi za malori. "Mama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona umeniita hivyo?"

"Ndilo jina lako. Nimekupigia nikuite."

"Unaumwa? Uko wapi? Mpe simu mtu aliye karibu na wewe niongee naye."

Klementina aliitazama njia juu na chini. Pamba ilikuwa kila upande, na upeo ulikuwa mbali. "Hakuna mtu karibu na mimi," alisema.

Akamweleza, kwa kifupi, kwa sababu salio lilikuwa dogo na kwa sababu hakujua kueleza kwa kirefu. Kijana alisikiliza. Alipomaliza, alicheka kidogo, kicheko cha kuficha kitu.

"Sawa, mama. Nimeelewa. Ila wewe niite Baba tu, kama siku zote. Hivi unanitisha. Nasikia kama nimeitwa na mwalimu."

"Sawa."

"Ongea basi niamini."

"Sawa, Baba," alisema Klementina, na wote wawili wakasikia kwamba lilikuwa limepungua kitu. Akatafuta cha kuongeza, akauliza hali ya mapacha. Walikuwa wazima. Wakaagana.

*

Aliporudi Lamadi jioni hiyo, Deogratias alikuwa akimsubiri barazani, amesimama, uso umechangamka. Esteria alikuwa nyuma yake anaangalia viatu vyake.

"Mama Sayi! Mbona hukuniambia? Esteria amenieleza kila kitu. Bibi yake alikuwa hivyohivyo. Kumbe ni mkwe wako, huruhusiwi kulitaja!"

"Nilimwambia tu ili asikufukuze," alisema Esteria kwa sauti ndogo.

"Nani amfukuze? Hii ni dhahabu! Sikiliza. Jumamosi unasimama pale, unasimulia yote, ukifika kwenye jina unanyamaza. Unaonyesha bango kwa mkono. Wageni wenyewe wanalitaja, kwa pamoja! Mama, watu watatoka Dar kuja kuona hilo. Usilitaje kabisa. Nakuomba. Kamwe."

Klementina aliweka mkoba wake juu ya kiti. Miguu ilikuwa imemvimba na vumbi lilikuwa hadi kwenye kope.

"Umechelewa," alisema. "Maige. Maige alijenga nyumba hii. Unasikia? Nimetoka kulifungua leo."

Deogratias alimgeukia Esteria. Halafu akapata wazo, kama kawaida yake. "Basi sio neno. Wageni hawajui. Unafanya kama vile bado. Ni maigizo kidogo tu, dakika mbili."

"Mimi sio mwigizaji."

"Mama..."

"Kijana, sikiliza. Nilipokuwa silitaji, ulitaka nilitaje. Nimelitaja, unataka nijifanye silitaji. Jambo hili nimelishika miaka thelathini na sita, na kwa kumi na tano ya mwisho nililishika peke yangu bila kujua. Sasa halipo. Siwezi kulichezea watu wakinywa chai. Ukitaka historia, nitakupa iliyo kweli, jina na yote. Ukitaka maonyesho, mwite Josia na chifu wake wa wavuvi. Chumba nitakifagia kabla sijatoka."

Aliuchukua mkoba wake, akaenda jikoni. Aliketi kwenye stuli akasubiri, na aliposubiri aligundua kwamba hakujua angekwenda wapi. Hata jina la mji wa kwenda hakuwa nalo. Esteria aliingia akachota maji ya kunawa miguu, akayaweka mbele yake kwenye beseni.

Baadaye Deogratias alisimama mlangoni. Alikuna shingo.

"Josia nimemwambia asije," alisema. "Utasimulia unavyojua wewe. Kaa."

"Asante."

"Lakini yule mbwa usimsahau. Esteria amenieleza na mbwa."

*

Jumamosi walikuja wageni kumi na mmoja. Chai ilikuwa barazani, na sambusa za sato, na maji ya ziwa yalikuwa yametulia. Klementina alisimama katika sare yake ya kitenge akawasimulia. Aliwaambia Maige alikuwa mnunuzi wa pamba kutoka Zagayu. Aliwaambia Maige hakujua kuogelea wala hakupanda mtumbwi, alipenda maji yakiwa mbali kiasi cha kutupa jiwe. Aliwaambia madirisha tisa na watoto tisa. Kila alipolitaja jina alisubiri kidogo, mwenyewe hakujua anasubiri nini. Alipofika kwa Tairi, wa kwanza na wa pili, watu walicheka sana, na mwanamume mmoja akarudia maneno ya chumvi akiyaandika kwenye simu. Deogratias, amesimama karibu na nguzo, alimnyooshea dole gumba.

Wakapiga makofi. Wengine wakanyanyuka kwenda kupiga picha ziwa. Mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyesema ametoka Dodoma, alibaki kwenye kiti.

"Umesimulia vizuri, dada. Unamjua kama baba yako. Ni nani wako?"

Klementina alikusanya vikombe viwili vilivyokuwa karibu, akavipanga kimoja ndani ya kingine.

"Nilikuwa mkwe wake," alisema.

Kisha akaomba radhi, akaingia ndani kuwaambia jikoni waanze kukaanga samaki.